Mwani kwenye majaruba ya mpunga: mahesabu, chumvi na harufu ya yai viza

Ukisikia mwani ukisifiwa kuwa mbolea kamili ya mpunga, shika kalamu kwanza. Tani 2 za mwani mkavu kwa hekta, wenye naitrojeni asilimia 1.5, zinaleta kilo 30 za naitrojeni. Mpunga wa tani 5 kwa hekta unafyonza kati ya kilo 75 na 100. Fosforasi ndiyo haba kabisa, asilimia 0.1 hadi 0.3. Kilichojaa ni potasiamu: mwani wenye asilimia 5 unakupa kilo 100 kwa tani hizo hizo. Basi urea inabaki pale pale, labda uipunguze kidogo.

Faida nyingine ni madini madogomadogo na ule ute unaoshikanisha chembe za udongo. Ute huo usiutarajie kwenye tope lililovurugwa. Utauona kwa zao litakalofuata baada ya mpunga, udongo ukishakauka.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni chumvi. Mpunga huanza kupoteza mavuno chumvi ya udongo ikizidi takriban desisimensi 3 kwa mita (kipimo cha chumvi kwa jinsi inavyopitisha umeme), na mche wenye majani mawili matatu ndio dhaifu kuliko wote. Kwa hiyo kitaluni mwani hauingii. Wengi, kwa kuogopa chumvi, huuloweka usiku kucha, nalo ni kosa: potasiamu nayo huyeyuka ikaenda na maji. Ule unga mweupe unaojitokeza kwenye mwani mwekundu ukikauka, sehemu kubwa ni chumvi ya potasiamu, si ya mezani. Mimi napendekeza mwani mbichi utoswe kwenye maji baridi dakika chache, utikiswe, utolewe, kisha maji yabadilishwe na urudiwe mara moja. Inatosha.

Usiufukie mbichi na kufungulia maji siku hiyo hiyo. Mwani una salfa nyingi, na jaruba likishafurika hewa inakwisha ardhini. Vijidudu vinaigeuza salfa kuwa gesi yenye harufu ya yai viza, na gesi hiyo inachoma mizizi. Ng'oa mche mmoja, suuza mizizi. Myeupe au yenye kutu nyekundu ni mizima. Kutu ile ni chuma kilichokutana na hewa inayovuja kutoka kwenye mzizi wenyewe. Ikiwa myeusi na inanuka, toa maji mpaka udongo uanze kupasuka nyufa nyembamba, kisha rudisha kidogo kidogo. Udongo wa kichanga wenye chuma kidogo ndio unaoumia zaidi, kwa sababu hauna cha kuikamata ile gesi.

Njia salama ni mboji. Changanya ndoo 1 ya mwani uliosuuzwa na ndoo 3 za mabua ya mpunga yaliyokatwa vipande vya sentimita 10, pamoja na samadi kidogo ya kuamsha moto. Lundo liwe na kimo cha mita 1.2 na upana wa mita 1.5. Likifika nyuzijoto 55 hadi 65 liache, likianza kupoa pindua. Mwani unashika maji sana. Ukikamua kiganjani yakachuruzika, ongeza mabua. Baada ya wiki 8 hadi 10 panda mbegu chache za mpunga kwenye mboji iliyochanganywa nusu kwa nusu na udongo. Zikiota na ncha za majani zikabaki kijani, iko tayari. Imwage wiki 2 hadi 3 kabla ya kupandikiza, uichanganye na udongo ungali mkavu.

Mwani wa kahawia unaotupwa na mawimbi ufukweni siutumii kwenye mpunga bila kupimwa aseniki, ile sumu. Aina kadhaa zinaikusanya, na jaruba lililofurika ndilo mahali inapoachiliwa. Mpunga unaivuta kwa mlango ule ule unaoingizia silika, madini ya mchanga yanayokaza bua.

Maji ya mwani ya kupulizia ni habari nyingine: hapo unatafuta homoni, si chakula. Loweka kilo 1 ya mwani mkavu kwa lita 20 za maji, ukoroge kila siku, ukiacha kifuniko wazi kidogo. Baada ya wiki 3 chuja kwa kitambaa, la sivyo nozeli itaziba. Bomba la lita 16 linachukua mililita 800. Pulizia mpunga unapoanza kutoa machipukizi, rudia kabla haujabeba mimba, tena jioni. Ukichanua, acha. Jaribu kwanza mita chache za mraba na ungoje siku 2: ncha zikiungua, zimua zaidi.

Na ukitaka kujua kama mwani umesaidia, jaruba la kulinganishia lisilo na mwani lipewe potasiamu kiasi kile kile kutoka kwenye mbolea ya dukani. Ukiliacha tupu, utausifu mwani kwa kazi ambayo huenda mfuko wa potasiamu ungeifanya.