Je, wajua seli ya saratani ya mapafu hushika nini inapowaachia wenzake?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba saratani ya mapafu husambaa kwa kumeguka: uvimbe unaoza, vipande vinadondoka, damu inavibeba hadi kwenye ubongo, mifupa au ini. Mjomba alipolazwa Kampala, ndivyo nilivyomweleza mkewe, naye akawa anamkataza kukohoa kwa nguvu. Nilikosea, na kosa langu lilimnyima mgonjwa nafuu ya kukohoa. Seli hizi hazingoji kutikiswa. Huachia zenyewe, hatua kwa hatua.

Seli zinazotanda njia za hewa hushikana kwa protini iitwayo kadherini E. Mtazame mama wa Kinubi pale Bombo, Uganda, akishona mkeka: ukili unalazwa kando ya mwenzake, uzi unapita huku na kutokea kule, tena na tena. Mshono mmoja unaweza kuukata kwa kucha. Mingi pamoja inabeba familia nzima. Kadherini nayo hujitokeza nje ya seli yake, ikachomeka ncha kwenye kishimo cha kadherini ya jirani, na ya jirani ikafanya vivyo hivyo. Mshiko mmoja ni dhaifu, yote kwa pamoja ni imara. Kwa ndani, protini ziitwazo katenini huufunga mshono huo kwenye kiunzi cha seli. Kalsiamu ikiondolewa, kadherini hulegea na seli huachana. Kulegea huko ndiko kulikomfikisha mwanabiolojia Masatoshi Takeichi wa Japani kwenye protini hizi.

Katika saratani ya mapafu, mara nyingi jeni ya kadherini E haiharibiki. Huzimwa na protini nyingine, mojawapo ZEB1. Seli hurefuka, ikaanza kutambaa. Kinachonishangaza hadi leo ni hiki: seli ya kawaida ikiachia kila kitu, hujiua. Kwa hiyo seli ya saratani inayotambaa kwenye tishu hushika kingine, na hapo hutumia integrini, protini zinazokamata nyuzi za tishu zilizo nje ya seli. Husonga kama mtoto anayepanda mfenesi: mkono wa juu ukishashika, ndipo mguu unaachia.

Wagonjwa ambao uvimbe wao una kadherini E kidogo kwa wastani huwa na hali mbaya zaidi, ingawa si wote. Tena zipo seli zinazosafiri zikiwa bado zimeshikana, kwa vishada. Ushahidi ulio imara wa vishada hivyo umetoka zaidi kwenye saratani ya matiti na kwa panya, kwa hiyo tusiuhamishie mapafuni mzimamzima.

Na jeni iliyozimwa yaweza kuwashwa tena. Seli ikifika kwenye ini, huweza kurudisha kadherini E, ikashikana na binti zake, yaani seli zinazotokana nayo inapogawanyika, na kujenga uvimbe mpya kwa mshono uleule ilioufumua mapafuni.