Je, wajua kwa nini kamera ya kidijitali haiitambui lenzi ya zamani?

Mpwa wangu, ambaye hupiga picha za harusi na mahafali mjini Nakuru, alirithi kutoka kwa babu yake lenzi ya milimita 50 iliyotengenezwa enzi za filamu. Aliinunulia adapta, yaani pete ya kuiunganisha na kamera ya mfumo mwingine, akaifunga kwenye kamera yake ya Canon, na pale ambapo skrini huonyesha namba ya f (kipimo cha uwazi wa mlango wa mwanga ulio ndani ya lenzi; namba ikikua, mlango umebanwa zaidi) akakuta sufuri mbili. "Mjomba, nimeiharibu?" aliniuliza, huku ameishika kamera kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai. Hakuwa ameharibu chochote. Kamera ilikuwa imeiuliza lenzi ijitambulishe, na kwa kuwa lenzi ile haina hata waya mmoja ndani yake, haikujibiwa.

Ili kuelewa kimya hicho, yafaa kuanza na kazi ambazo lenzi ya kisasa huzifanya bila mpiga picha kuhusika. Nyuma yake, kwenye ukingo unaogusana na kamera, pana vidoti vya rangi ya dhahabu vinavyopitisha umeme na taarifa. Kupitia hapo lenzi huieleza kamera urefu wake wa fokasi, yaani zile milimita zake, uwazi mkubwa kabisa inaoweza kufikia na, mara nyingi, umbali wa kitu inachokilenga. Nayo kamera huiamuru isogeze vioo vyake mpaka sura itulie, kisha ifunge mlango wa mwanga kwa kiasi kinachotakiwa, punde tu kabla ya shata, pazia linaloruhusu mwanga kuingia, kufunguka. Canon ilipoanzisha mfumo wa EOS mwaka 1987 iliyahamishia mawasiliano hayo yote kwenye umeme, bila kubakisha kijiti chochote cha chuma cha kusukumana kati ya kamera na lenzi. Nikon, ambayo mfumo wake wa kufungia lenzi uitwao F ulianza mwaka 1959, iliendelea kwa miongo mingi kutumia kijiti cha chuma kuuendesha mlango huo. Uamuzi huo wa zamani ndio unaofanya kamera mbili zilizo sawa kwa bei zitofautiane sana zinapofungiwa lenzi isiyosema.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo kamera haihitaji kuambiwa na mtu, nalo ni kiasi cha mwanga. Kipimo cha mwanga kiko ndani ya kamera, nyuma ya lenzi, kwa hiyo hupima kile kilichokwisha kupita kwenye vioo. Ukiuzungusha mkanda wa namba za f kutoka 2 hadi 2.8, mwanga unaoingia hupungua kwa nusu, na kamera huliona giza hilo ingawa haijui limetokana na nini. Ikiwa gurudumu la juu liko kwenye A, ambapo wewe huchagua namba ya f na kamera hupanga muda wa shata, na ambayo Canon huiandika Av, kamera itarefusha muda wa shata mara mbili ili kufidia, na picha itatoka na mwanga uleule. Kwa maneno mengine, sufuri mbili zilizomtisha mpwa wangu hazizuii hesabu ya mwanga hata kidogo. Zinaeleza tu kwamba hesabu hiyo inafanywa bila kujua namba ya f.

Utaratibu huu wa kupima mwanga mlango ukiwa umekwisha kufungwa hadi namba iliyochaguliwa si ugunduzi wa vijana wa adapta. Pentax Spotmatic, kamera ya filamu iliyoingia sokoni mwaka 1964, ilifanya kazi hivyohivyo: mpiga picha alisukuma swichi, mlango wa mwanga ukafungwa hadi namba aliyoichagua, mahali pa kutazamia pakaingia giza kidogo, na sindano ikaonyesha kama mwanga unatosha. Anayefunga lenzi ya babu kwenye kamera ya leo huwa ameirudisha kamera yake kwenye desturi za mwaka huo, ila shata yake inajipanga yenyewe.

Kutokana na hayo ni rahisi kuona ni sehemu zipi za gurudumu zinazofaa. A inafaa, na M, ambapo mpiga picha hupanga yote mwenyewe, inafaa. Ile ambayo mpiga picha huchagua muda wa shata na kuiachia kamera namba ya f haina maana tena, kwa sababu kamera haina mkono wa kuufikia mlango wa mwanga. Picha zitatoka nyeupe au nyeusi kadiri mkanda ulivyoachwa. Kamera nyingi zisizo na kioo cha ndani (kile kinachoakisi sura kuelekea jichoni), zikiwemo za Sony na Fujifilm, zinaweza kukataa kabisa kufyatua kwa kudhani hakuna lenzi iliyofungwa. Dawa yake imo ndani ya menyu, kwenye kipengele kinachoruhusu kupiga bila lenzi, na mtu asiyekijua anaweza kurudisha kamera nzima dukani akilalamika.

Upande wa Nikon haufuati hayo kila mara, kwa hiyo unahitaji maelezo zaidi. Kuanzia mwaka 1977 lenzi zake za kulengwa kwa mkono, zile zinazoitwa AI, zilikuwa na ukingo kwenye mkanda wa namba za f unaosukuma kidole kidogo kilicho kwenye kamera, na kamera ikajua namba iliyochaguliwa kwa kusukumwa, si kwa umeme. Kamera za bei nafuu za familia ya D3000 na D5000 hazina kidole hicho. Ukizifungia lenzi ya AI huandika F ikifuatwa na vistari viwili, hukataa kufyatua isipokuwa kwenye M, na hata hapo hazipimi mwanga, kwa hiyo mtu hukisia, hupiga, hutazama skrini, kisha hurekebisha. Kamera kama D7000 ina kidole hicho na hukubali kuandikiwa kwenye menyu urefu wa fokasi na uwazi mkubwa wa lenzi, ikaendelea kana kwamba inaijua. Tahadhari moja: lenzi za Nikon za kabla ya 1977 ambazo ukingo wake haujachongwa upya ufanane na wa AI zinaweza kukivunja kidole hicho, na kwa hizo ni kamera ya bei nafuu, isiyo na cha kuvunjika, ndiyo iliyo salama.

Adapta nayo ina hesabu yake. Kila mfumo umewekewa umbali maalumu kati ya ukingo wa lenzi na mahali sura inapotua. Lenzi za skrubu ya M42, kama ile ya babu, ziliundwa kwa umbali wa milimita 45.46. Kamera za Canon EOS zenye kioo zina milimita 44, kwa hiyo hubaki milimita moja na nusu hivi, ambayo ndiyo unene wa adapta, na kila kitu hukaa mahali pake. Nikon F ina milimita 46.5, yaani lenzi ya skrubu hukaa mbele kupita inavyotakiwa hata kabla ya kuhesabu adapta yenyewe. Milimita moja inaonekana si kitu, lakini kwa lenzi ya milimita 50 inatosha kuizuia isilenge vizuri chochote kilicho mbali zaidi ya mita mbili na kitu. Rafiki yangu kutoka Kisumu aliligundua hilo akiwa amesimama ukingoni mwa Ziwa Nakuru, heroe wamejipanga mbele yake kama utepe wa waridi, na kila alipouzungusha mkanda wa kulengea walibaki ukungu. Siku hiyo alirudi na picha nzuri sana za majani. Kamera zisizo na kioo hazina tatizo hili: Sony E ina milimita 18, Canon RF 20 na Nikon Z 16, kwa hiyo kuna nafasi ya adapta ya karibu lenzi yoyote ya zamani.

Lenzi nyingi za skrubu zina pia mtego ambao ulinipotezea alasiri nzima. Nyuma yake kuna pini ndogo, na pembeni kuna swichi yenye herufi A na M, ambazo si zile za gurudumu la kamera. Kwenye kamera ya zamani pini hiyo ilisukumwa wakati wa kufyatua ili mlango ufungwe. Kwenye adapta isiyo na kitu cha kuisukuma, swichi ikiwa kwenye A, mkanda huzunguka, namba hubadilika, na mlango wa mwanga hubaki wazi kabisa. Nilipiga picha za wavuvi wa Dunga nikiamini niko kwenye f/8, kumbe zote zilipigwa kwenye uwazi mkubwa kabisa, na mvuvi aliye wazi usoni alikuwa na mtumbwi uliopotea kwenye ukungu. Swichi inapaswa kuwa kwenye M. Njia ya kuhakikisha ni kuichungulia lenzi kwa mbele huku ukiuzungusha mkanda, uone vijibamba vyake vikikutana.

Sasa tuingie kwenye kulenga, maana hapa ndipo wengi hukata tamaa. Chukua lenzi ya milimita 50 kwenye f/2, kamera yenye sensa (kibamba kinachopokea sura) ndogo ya kawaida, na mtu aliyesimama mita mbili kutoka kwako: sehemu itakayoonekana wazi ina kina cha sentimita 13 hivi, mbele na nyuma ya jicho lake kwa pamoja. Kwenye f/8 kina hicho hufikia takriban nusu mita. Kamera za filamu zilimsaidia mpiga picha kwa duara la katikati lililogawanyika, ambapo mstari wa mlango wa nyumba au ukosi wa shati ulionekana umekatika mpaka fokasi ilipokaa sawa, vipande vikaungana. Kamera za kidijitali zenye kioo ziliondolewa duara hilo kwa sababu lenzi zake zinajilenga zenyewe, na kioo chake cha kutazamia kilitengenezwa ili king'ae hata kwa lenzi zenye mwanga hafifu. Gharama ya mng'ao huo ni kwamba kwenye f/2 kioo humwonyesha mtu kina kikubwa kuliko kilichopo; jicho huridhika, na picha inakuja kulisuta nyumbani kwenye kompyuta.

Kwa hiyo, kwa kamera ya namna hiyo, ninapendelea kutumia skrini ya nyuma, kuikuza sura mara 5 au 10, kulenga kope, kisha kupiga. Kama jua ni kali na skrini haisomeki, utaratibu mzuri ni kulenga huku mlango wa mwanga ukiwa wazi kabisa, halafu kuufunga kwa kuhesabu milio ya mkanda wa namba za f bila kuondoa jicho. Kamera zisizo na kioo hurahisisha kazi kwa kuchora rangi kwenye kingo za vitu vilivyo wazi, jambo linalosaidia sana kwa f/5.6 na zaidi, ingawa kwa f/2 rangi hiyo hutapakaa kwenye uso mzima na kumdanganya mtu. Kwa mtu anayetembea, mimi huuacha mkanda wa kulengea kwenye umbali fulani na kuusogeza mwili mbele au nyuma kidogo kidogo, kwani mkanda wa lenzi ya mkono una mzunguko mrefu na hauwezi kuukimbiza mwendo wa bibi harusi.

Jua letu nalo lina neno lake. Kanuni ya enzi za filamu inasema kwamba kwenye jua kali namba ya f iwe 16 na muda wa shata ulingane na ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga), yaani 1/100 ya sekunde kwa ISO 100. Kisumu, mji ulio kusini kidogo tu mwa ikweta, saa sita mchana hutoa jua la kutosha kabisa kwa kanuni hiyo. Ukitaka f/2 kwenye mwanga huo utahitaji 1/6400 ya sekunde, ilhali kamera nyingi za bei ya wastani huishia 1/4000. Picha itaungua kwa kuzidiwa na mwanga, na kamera haiwezi kukuokoa kwa kuufunga mlango kidogo. Funga hadi f/2.8 au usogee kivulini. Aidha, kamera zenye kioo zinapopima mwanga kupitia lenzi ya zamani zinaweza kukosea kwa kiasi kinachobadilika na namba ya f, kwa hiyo picha mbili tatu za majaribio si kupoteza muda.

Mambo mawili ya mwisho yamo kwenye menyu na hayaonekani kwa macho. ISO ya kujipanga hukadiria muda wa shata kwa kuangalia urefu wa fokasi wa lenzi. Isipoujua inaweza kukupa 1/60 ya sekunde kwenye lenzi ya milimita 135, ambayo kwa sensa ndogo inataka angalau 1/200. Weka kiwango cha chini wewe mwenyewe. Na kama kamera ina kizuia mtikisiko ndani yake, iandikie urefu wa fokasi kila unapobadilisha lenzi, kwani iliyoandikiwa 50 ikiwa na 135 itasahihisha mtikisiko nusunusu tu.

Faili ya picha, kwa kuwa kamera haikuambiwa, haitunzi namba ya f iliyotumika. Mpwa wangu sasa hutembea na kijitabu kidogo mfukoni mwa shati, ambamo huandika namba ya picha na namba ya f kwa kalamu. Dada yangu anasema hata mwandiko ni wa babu yake.