Mita ilisema volti 1, bodi ikajizima

Bodi moja ya kielektroniki ilinizungusha wiki tatu mezani kwangu Kijitonyama. Tabaka nane, prosesa katikati, kazi yake kuhesabu magari barabarani kwa kamera. Ukiiwasha inaamka vizuri. Ikianza tu kuchakata picha, inajizima na kuanza upya. Kijana ninayefanya naye kazi akaweka mita: volti 1.00, haichezi.

"Kaka, umeme uko sawa. Hii ni programu."

Mita ile husoma wastani, mara chache kwa sekunde. Prosesa hudai mkondo ndani ya nanosekunde. Ni kama maji ya nyumba zetu: bomba la mtaa lipo, tangi liko juu ya nyumba, lakini anayepika huchota kwenye ndoo iliyo miguuni pake. Kapasita, vipande vinavyohifadhi umeme kidogo, ni hivyohivyo: kubwa ni tangi. Zile ndogo chini ya chipu ni ndoo. Ndoo ukiiacha uani, chungu kinaungua huku maji unayo.

Hesabu yenyewe ni fupi. Prosesa ilivumilia mtikisiko wa asilimia 3, yaani milivolti 30, na mkondo wake uliruka kwa ampea 3. Gawanya: miliomu 10. Impidansi (upinzani dhidi ya mkondo unaobadilika) ya njia nzima ya umeme isipande juu ya hapo, hata kwenye megahezi kadhaa.

Sasa kosa langu. Niling'oa kapasita kubwa za zamani nikaweka za keramiki, nikijua ni bora kwa kuwa ukinzani wake ni mdogo mno. Bodi ikazidi kuzimika! Kumbe ukinzani ule wa zamani ndio uliokuwa breki. Indaktansi (tabia ya njia kupinga mabadiliko ya mkondo) ya upande wa kapasita kubwa, kama nanohenri 1, ilibembea na zile ndogo kumi za nanofaradi 100, na bembea hiyo, ambapo impidansi hupanda, huangukia karibu megahezi 5.

Kuiona ndiko kulikonichosha. Osiloskopu, kifaa kinachochora volti inavyocheza, ilionyesha mtikisiko wa milivolti 150, nikashtuka, kabla ya kugundua kwamba waya wa graundi wa probu (mkono wake wa kupimia), sentimita 10 hivi, ulikuwa antena. Nikachomelea kebo fupi ya koaksi moja kwa moja kwenye miguu ya kapasita: milivolti 70. Hizo ndizo za kweli.

Kisha nikazima bodi, nikatoa NanoVNA, kifaa kidogo kinachopima impidansi kwa kila masafa. Usipime miliomu kwa kebo moja, kwani utapima kebo na risasi yako ya kuchomelea. Chomelea mbili sehemu ileile: moja inapeleka, nyingine inasikiliza. Kwa miliomu 10, mawimbi hufika kwenye kebo ya pili yakiwa yamefifia kwa desibeli 68 hivi, karibu na mwisho wa uwezo wa kifaa hiki cha bei nafuu. Kwenye masafa ya chini, suka ya nje ya kebo huongeza ukinzani wa uongo. Nilizungusha kebo mara kadhaa kwenye pete ya feraiti, mstari wa impidansi kwenye skrini ukashuka. Na pale megahezi 5 kilima kikasimama: miliomu 80.

Sikuongeza hata kapasita moja. Zile kumi nilizibadilisha kwa za maikrofaradi 1, umbo lilelile. Bembea ikahamia karibu megahezi 1.6, kilima kikabaki miliomu 13. (Kapasita hizi haziandikwi thamani mgongoni, kwa hiyo za Kariakoo nilizipima moja moja.)

Bodi ilihesabu magari siku nzima bila kuzimika. Miliomu 3 zilizozidi lengo la 10 zinanisumbua bado. Toleo lijalo kila kapasita itapata matundu mawili kila upande (yale yanayopitisha umeme kati ya tabaka za bodi), yakigusa mguu wake, ili indaktansi ipungue.