Usihesabu kuanzia damu: siku ya kumpandisha mbwa jike

Wafugaji wengi humpeleka jike kwa dume siku ya 11 na ya 13 tangu damu ionekane. Wakipata watoto, ni bahati. Wapo majike wanaotoa mayai siku ya 5, wengine hupita hata siku ya 20, na jike yuleyule hubadilika kutoka joto moja (kipindi cha kutaka dume) hadi jingine. Isitoshe, anayejilamba sana huficha siku ya kwanza yenyewe.

Siku ya kutafuta ni ile mayai yanapotoka kwenye ovari. Mayai ya mbwa hutoka yakiwa machanga. Huhitaji kama siku 2 kupevuka, kisha hudumu siku 2 au 3 tu. Ndiyo maana kumpandisha siku mayai yanapotoka kwa mbegu iliyogandishwa ni kazi bure: mbegu hiyo huishi takriban siku moja na hufa kabla mayai hayajawa tayari. Mbegu ya dume aliyepanda mwenyewe huweza kuishi siku 5 au zaidi, hivyo husamehe makosa madogo.

Kipimo ninachokiamini ni cha projesteroni, homoni ya uzazi inayopimwa kwenye damu. Anza siku ya 5 au ya 6 tangu damu ionekane, rudia kila baada ya siku 2 au 3. Ikifika kama nanogramu 2 kwa mililita, bado kama siku 2 mayai yatoke. Mayai yakitoka, projesteroni husoma kati ya 4 na 8. Hapo mpandishe siku ya 2 na ya 4 baadaye. Kwa mbegu iliyogandishwa, ngoja siku ya 3. Angalia kizio: maabara nyingine hutumia nanomoli kwa lita, ambapo 5 husomeka kama 16. Damu isiwekwe kwenye chupa yenye jeli, maana jeli hushusha kiwango. Na usihamehame maabara katikati ya joto moja, kwa kuwa mashine hutofautiana.

Seli za uke chini ya hadubini zinaonyesha kuwa jike yuko kwenye joto, lakini hazitaji siku ya mayai. Damu kufifia rangi na mkia kusogezwa pembeni ni dalili nzuri za kuanza kupima kwa karibu, basi. Wapo wanaomkubali dume mapema mno, na wapo wanaomkataa siku ileile inayofaa.

Hifadhi tarehe ya mayai. Kuzaa huwa siku 63 baada yake, kupungua au kuzidi kwa siku moja hivi. Ukihesabu kuanzia kupandishwa, unaweza kupata chochote kati ya 57 na 72.