Blogu Yako ya WordPress Inahitaji Plagini Zipi?

WordPress, programu ya kutengenezea blogu na tovuti, ilianza mwaka 2003 mikononi mwa Matt Mullenweg na Mike Little, na tangu toleo la 1.2 la mwaka 2004 inaruhusu kuongezewa uwezo kwa plagini, yaani programu jalizi zinazopachikwa ndani yake. Ghala lake rasmi sasa lina plagini zaidi ya 50,000, na zote hupakuliwa bure. Mwanablogu mgeni akifika hapo hutamani kila kitu. Kwa maoni yetu sisi tunaoshughulikia usalama wa tovuti, blogu ya kawaida inatosheka na plagini tano au sita, na kila moja iwe na kazi inayojulikana.

Plagini ikishawashwa, hufanya kazi kwa mamlaka yaleyale ya WordPress: inaweza kusoma hifadhidata (mahali makala na maoni yanapotunzwa), kubadili mafaili, hata kufuta makala zako zote. Ni sawa na kumkabidhi mtu ufunguo wa nyumba.

Ya kwanza kabisa iwe ya kutunza nakala rudufu. UpdraftPlus inafaa, kwa kuwa hata toleo lake la bure hupanga ratiba na kupeleka nakala Google Drive au Dropbox. Usiridhike na nakala iliyobaki kwenye seva ileile ya blogu, yaani kompyuta inayoihifadhi mtandaoni, maana seva ikiharibika vyote vimekwenda. Akismet huchuja maoni taka yanayomwagwa na mitambo chini ya makala, na kwa blogu binafsi isiyo ya biashara haina malipo.

Kasi nayo ina uzito mkubwa, kwani wasomaji wetu wengi wanatumia simu na bando la kuhesabu. Kwa kawaida WordPress huunda ukurasa upya kila unapofunguliwa, ikiuliza hifadhidata maswali kadhaa. Plagini ya kashe, kama WP Super Cache, huhifadhi ukurasa uliokwisha kuundwa na kumpa msomaji huohuo. Chagua moja tu, maana mbili zikiwekwa pamoja hugongana. Picha zipunguze ukubwa kabla hujazipandisha: picha ya megabaiti nne iliyotoka moja kwa moja kwenye simu inammaliza msomaji bando bila sababu.

Kwa ulinzi, Wordfence huzuia wanaobahatisha nywila na hukagua mafaili yaliyochezewa. Lakini haiondoi hatari ya plagini nyingine mbovu. Mwezi Septemba 2020 plagini iitwayo WP File Manager, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000, iligundulika kuwa na tundu, yaani kasoro ya kiusalama. Ndani yake lilisahaulika faili la mfano, connector.minimal.php, ambalo mtu yeyote aliweza kuliita kupitia intaneti bila kuingia kwa nywila, kisha akapandisha msimbo wake kwenye seva. Marekebisho yalitoka haraka katika toleo la 6.9, lakini wadukuzi walikuwa wameshaanza kazi. Waliochelewa kusasisha ndio walioumia.

Kwa hiyo kabla ya kupakia plagini yoyote, soma ukurasa wake ghalani. Tazama tarehe ya sasisho la mwisho, toleo la WordPress iliyojaribiwa nalo, na kama waundaji wanajibu malalamiko ya watumiaji. Ambayo haijaguswa miaka miwili iache, hata ikisifiwa vipi.

Hapa nasema bila kuuma maneno: usipakie plagini ya kulipia iliyovunjwa kufuli na kusambazwa bure kwenye makundi ya Telegram na WhatsApp. Mara nyingi aliyeivunja ameshapandikiza mlango wake wa siri, na hutapata masasisho halali. Kama huna fedha, toleo la bure lenye uwezo mdogo lina heri.

Kuzima plagini pia hakutoshi. Mafaili yake hubaki kwenye folda ya wp-content/plugins, na tundu la aina ya lile la 2020 huweza kutumika hata plagini ikiwa imezimwa. Usiyoitumia ifute.

Tangu toleo la 5.5 la Agosti 2020, WordPress inakuruhusu kuiachia kila plagini ijisasishe yenyewe. Washa huduma hiyo kwa plagini za ulinzi. Nyingine sasisha mojamoja baada ya kuchukua nakala, kisha fungua blogu kwa simu ujaribu kuandika maoni na kutuma fomu ya mawasiliano. Ikitokea ukurasa umebaki mweupe na huwezi kuingia, nenda kwenye akaunti yako ya seva, fungua wp-content/plugins, na ubadilishe jina la folda ya plagini uliyotoka kuisasisha. WordPress ikiikosa itaizima, nawe utaingia kama kawaida.