Je, wajua kwa nini mswaki wa mti huwasha ulimi?

Kwa miaka mingi nilijibu swali hili vibaya, tena kwa kujiamini. Nilidhani mswaki ni brashi tu: nyuzi zinasugua, basi, na ule muwasho ni ladha ya utomvu, kama ukakasi wa ndizi mbichi. Kumbe mzizi unaokatwa mswaki, ukiwa bado haujapondwa, hauna muwasho wowote wa kuonja. Hauutoi kwenye ghala. Unautengeneza pale pale, kinywani mwako. Na hizo nyuzi nilizozisifu ni nusu tu ya kazi.

Mti wenyewe, Salvadora persica, huota nchi kame kuanzia Afrika hadi India, Turkana ikiwemo.

Fikiria ile gundi ya mirija miwili wanayotumia mafundi. Kila mrija peke yake ni uji usioshika kitu. Ukichanganya ndipo gundi inaposhika. Mzizi wa mswaki umepangwa hivyo hivyo. Upande mmoja umehifadhi glukotropeolini, kitu kipole kilichofungwa na sukari. Upande mwingine, kwenye seli za jirani, kuna kimeng'enya (kichochezi cha kemia ya mwilini) kiitwacho mirosinasi. Jino likiponda kuta za seli hizo, viwili hivyo hukutana: kimeng'enya hukata ile sukari, kinachobaki hakitulii, hujipanga upya na kuwa benzili isothiosianeti. Hiyo ndiyo inayowasha. Mdudu anayeutafuna mti hujitegea mtego mwenyewe.

Ajabu ni kwamba kemikali hiyo hiyo imo kwenye mbegu za papai. Tafuna moja uone. Mpapai, mlonge, haradali na hata kabichi ni ndugu wa mbali wa mswaki.

Mwaka 2008 watafiti wa Sweden walining'iniza vipande vya mzizi juu ya sahani zenye bakteria, bila kugusana. Mvuke peke yake uliwadhuru vikali baadhi ya bakteria wa ugonjwa wa fizi. Yule wa kutoboa meno, Streptococcus mutans, alistahimili zaidi. Ila sahani si kinywa. Kinywani kuna mate yanayosafisha kila kitu, na vijidudu vimejijengea utando. Tena vijiti vya mwarobaini navyo huitwa mswaki, na kemia yake ni nyingine kabisa.

Wazoefu hukata ncha ya jana na kutafuna upya. Pengine si kwa usafi tu: ncha iliyokwisha pondwa ni gundi iliyokwisha changanywa.