Vitamini zinazoyeyuka kwenye mafuta: maana yake na kazi zake mwilini

Chukua karoti mbili. Moja ichemshe kwa maji matupu, nyingine ikate vipande uikaange kwa mafuta kidogo. Maji ya ile ya kwanza yatabaki karibu meupe. Mafuta ya ile ya pili yatageuka rangi ya chungwa kabla hata vipande havijalainika. Rangi hiyo ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na ulichokiona kwenye kikaango ndiyo maana nzima ya maneno "kuyeyuka kwenye mafuta". Maji yameshindwa kuitoa, mafuta yameichukua.

Vitamini zinazotambuliwa na sayansi ni 13. Tisa kati yake, yaani C na zile nane za kundi B, huyeyuka kwenye maji. Nne zilizobaki ni A, D, E na K, na hizo huyeyuka kwenye mafuta. Wengi wetu tuliukariri mgawanyo huu shuleni tukauacha hapohapo, kama vile ni suala la kuzipanga kabatini. Kumbe namna vitamini hizi nne zinavyoingia mwilini, zinavyosafiri, zinakokaa na zinavyoweza kudhuru, karibu yote yanatokana na jambo hilo moja: hazipatani na maji, na damu ya binadamu kwa sehemu kubwa ni maji.

Vitamini C haina taabu. Ikifika kwenye utumbo mwembamba huvuka ukuta wake, huingia kwenye damu na kwenda nayo kama chumvi iliyokwisha kuyeyuka. Vitamini A haiwezi njia hiyo. Inahitaji kwanza mafuta yawemo kwenye mlo, kwa sababu mafuta ndiyo yanayouamsha mfuko wa nyongo ujikamue. Nyongo hufanya kazi ya sabuni kwenye sufuria iliyopikiwa nyama: huyavunjavunja mafuta kuwa vitone vidogo mno, na vitamini hubebwa humo hadi kwenye ukuta wa utumbo. Seli za ukuta huo huifungasha upya, pamoja na mafuta na kolesteroli, ndani ya vifurushi vilivyozungushiwa protini. Hata hapo vifurushi haviingii kwenye damu moja kwa moja. Hupita kwenye mishipa ya limfu, yaani mishipa myembamba inayobeba majimaji ya mwili, hupanda hadi kifuani, ndipo humwagwa kwenye mshipa mkubwa wa damu karibu na shingo. Ni sawa na kuzunguka nyumba nzima ili uingie kwa mlango wa nyuma.

Kwa hiyo mboga zilizoliwa bila tone la mafuta hutoa vitamini A kidogo kuliko rangi yake inavyoahidi. Hayahitajiki mafuta mengi. Kijiko kimoja, yai au karanga chache kwenye mlo huohuo zinatosha. Na mtu anaweza kula vizuri kabisa na bado akapungukiwa. Jiwe likiziba njia ya nyongo, au kongosho likishindwa kutoa vimeng'enya vya kusaga mafuta, mafuta hupita bila kufyonzwa. Dalili yake huonekana chooni: choo chenye rangi ya kufifia, cha mafutamafuta, kinachoelea na kunuka kuliko kawaida. Mafuta yakipotea hivyo, vitamini zote nne hupotea nayo.

Zikishaingia, hazitoki kirahisi. Ziada ya vitamini C huchujwa na figo, ikatoka na mkojo. Figo haina njia ya kufanya hivyo kwa kitu kisichoyeyuka kwenye maji, kwa hiyo vitamini A huwekwa kwenye ini, na D na E kwa sehemu kubwa kwenye mafuta ya mwili. (K ni tofauti kidogo, tutaifikia.) Akiba hiyo ni neema. Mtu mzima aliyelishwa vizuri anaweza kukaa miezi mingi bila vitamini A kwenye chakula na asione badiliko lolote. Lakini ghala ambalo ni rahisi kuingiza na vigumu kutoa lina hatari yake. Ile kauli kwamba vitamini haidhuru, ukizidisha utaikojoa, haihusu hizi nne hata kidogo.

Kisa kinachotajwa sana ni cha Antaktika. Desemba 1912, wavumbuzi Douglas Mawson na Xavier Mertz walipoteza karibu chakula chao chote pale mwenzao wa tatu alipotumbukia kwenye ufa wa barafu, yeye na sleji (kigari cha kuteleza barafuni) iliyobeba mahitaji. Wakabaki kula mbwa waliokuwa wakiwavutia sleji, mmoja baada ya mwingine, pamoja na maini yao. Ngozi zikaanza kuwabambuka, nywele kuwatoka. Mertz akachanganyikiwa, na Januari 1913 akafa. Mawson alirudi hai, lakini ngozi ya nyayo zake ilikuwa imebanduka yote. Wataalamu waliochambua habari zao miaka mingi baadaye walishuku sumu ya vitamini A, kwa kuwa ini la mbwa wa namna ile limejaa vitamini hiyo. Wengine husema njaa na baridi vilitosha kuua. Kwa sadfa, mwaka huohuo wa 1913, Elmer McCollum na Marguerite Davis huko Wisconsin, Marekani, walieleza kwamba panya waliolishwa mafuta ya nguruwe walidumaa, na walipopewa mafuta ya siagi au ya kiini cha yai wakaanza kukua tena. Kitu kilichokuwamo kwenye siagi ndicho kilichokuja kuitwa vitamini A.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 700 hadi 900 za vitamini hiyo kwa siku, na kikomo kinachoshauriwa kwa ile inayotoka kwenye nyama, maini na vidonge ni 3,000. Mjamzito ndiye wa kuchunga zaidi, kwa sababu kiasi kikubwa huweza kuharibu maumbile ya mtoto tumboni. Hata baadhi ya dawa kali za chunusi, ambazo ni jamaa za vitamini A, hukatazwa kwa mjamzito kwa sababu hiyohiyo. Beta-karotini ya mimea haina shida hii, maana mwili hupunguza kasi ya kuigeuza akiba inapojaa. Anayekula karoti kupita kiasi atageuka njano viganjani na nyayoni, basi. Weupe wa macho yake hubaki mweupe, na hapo ndipo anapotofautiana na mgonjwa wa ini, ambaye macho humgeuka njano.

Kazi ya vitamini A inayojulikana zaidi ni kuona, na inafaa kuiangalia kwa karibu. Kwenye retina, nyuma ya jicho, kuna molekuli iitwayo retinali, ambayo ni umbo mojawapo la vitamini A. Imekaa imejikunja, imeshikwa na protini. Mwanga ukiigonga, inajinyoosha. Kujinyoosha huko, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, ndiko kunakoanzisha taarifa inayokwenda kwenye ubongo. Kila unachokiona sasa hivi, pamoja na maneno haya, kimeanza na molekuli zilizonyooka. George Wald, aliyechimbua habari hii kwa miaka mingi, alipata fungu la Tuzo ya Nobel mwaka 1967.

Seli zinazoona kwenye mwanga hafifu ndizo zinazoumia kwanza vitamini ikipungua. Mtoto anayekimbia vizuri mchana, jua likizama huanza kugonga viti na kumshika mama nguo. Hali ikiachwa, sehemu nyeupe ya jicho hukauka na kuota madoa kama povu. Mwishoni konea, kile kioo cha mbele ya jicho, hulainika na kuoza, na mtoto hupofuka moja kwa moja. Vilevile utando wa ndani ya mapafu na utumbo, ambao vitamini A huusaidia kubaki laini na wenye unyevu, hudhoofika, vijidudu vikapata upenyo. Ndiyo sababu mtoto mwenye surua hupewa vitamini A.

Pale upungufu ulipo tatizo la jamii nzima, Shirika la Afya Duniani hupendekeza watoto wa miezi 6 hadi 11 wapewe yuniti 100,000 mara moja, na wa miezi 12 hadi 59 yuniti 200,000 kila baada ya miezi 4 hadi 6. Kipimo hicho ni kikubwa kweli. Dozi ya pili ni miligramu 60 kwa mkupuo. Inawezekana tu kwa sababu ini litaiweka na kuitoa kidogokidogo. Huwezi kumpa mtoto vitamini C ya nusu mwaka kwa siku moja.

Vitamini D ni ya ajabu kwa kuwa, kusema kweli, nusu yake si vitamini. Ngozi hujitengenezea yenyewe kutokana na jamaa wa kolesteroli anapopigwa na miale fulani ya jua. Ini huibadilisha mara ya kwanza, figo mara ya pili, na kinachotoka kwenye figo ni homoni kamili inayouamuru utumbo ufyonze kalsiamu. Bila amri hiyo, kalsiamu ya chakula hupita zake: mtoto hupata matege, mtu mzima hupata mifupa laini inayouma. Kukaa dirishani hakusaidii, kwa sababu kioo huzuia miale inayohitajika, na ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani. Jua haliwezi kukuzidishia vitamini D, kwani likiendelea kuchoma, ngozi huigeuza ziada kuwa vitu visivyo na kazi. Vidonge havina breki hiyo. Anayemeza dozi kubwa kwa miezi huweza kujikuta na kalsiamu nyingi kwenye damu, kichefuchefu, na mawe kwenye figo.

Vitamini E sina mengi ya kuisemea. Hukaa ndani ya utando wa seli, ambao wenyewe ni mafuta, na kuyazuia mafuta hayo yasiharibiwe na oksijeni, kwa namna ileile mafuta ya kupikia yanavyochacha yakikaa wazi. Wanaopungukiwa ni wachache, hasa wenye shida ya kufyonza mafuta na watoto njiti. Sifa inazopambiwa kwenye chupa za vidonge ni nyingi kuliko ushahidi wake.

Kutoka E herufi zinaruka hadi K, kwa sababu mwanasayansi Henrik Dam wa Copenhagen, Denmark, aliiita kwa herufi ya kwanza ya neno la kuganda damu katika lugha yake. Alikuwa akiwalisha vifaranga chakula kisicho na mafuta, akaona wanavuja damu chini ya ngozi. Ini hutengeneza protini za kugandisha damu, lakini bila vitamini K protini hizo hutoka zikiwa hazina mahali pa kushikia kalsiamu, na hazifanyi kazi. Tofauti na wenzake, akiba ya K mwilini ni ndogo na huisha upesi. Kichanga huzaliwa nayo kidogo sana, na maziwa ya mama hayana ya kutosha. Ndiyo sababu hupigwa sindano ya vitamini K mara tu baada ya kuzaliwa, isije ikatokea damu ikavuja kwenye ubongo wiki chache baadaye.

Upande wa pili wa K uligunduliwa kupitia ng'ombe. Miaka ya 1920 huko Amerika Kaskazini, ng'ombe waliokula nyasi za aina fulani zilizooza walikuwa wakivuja damu hadi kufa. Mwanakemia Karl Paul Link na wenzake waliichuja sumu iliyokuwamo, na kutokana nayo ikatengenezwa wafarini, kwanza ikiwa sumu ya panya, kisha dawa ya kuzuia damu kuganda ovyo. Dawa hiyo hufanya kazi kwa kuunyima mwili vitamini K iliyo tayari kutumika. Mgonjwa anayeitumia huwa hakatazwi mboga za majani, ambazo zimejaa K. Huambiwa ale kiasi kilekile wiki hadi wiki, maana dozi yake imepimwa pamoja na mboga hizo.